Kijiti cha Wanja

Kila alasiri Mwanapili akimaliza kuosha vyombo, hujitanda mtandio akaenda madrasa pale Msambweni kufanya mazoezi ya kaswida. Maulidi yalikuwa yamekaribia, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza. Lo, maringo aliyokuwa nayo! Hata kuku wa kwao walikuwa wamechoka kuimbiwa.

Asubuhi moja akaamka jicho limegandana kwa matongo, jekundu kama pilipili. Maalim Iddi alikuwa amekwisha kuonya kwamba mwenye macho mabovu asikanyage madrasa.

"Ya Rabi, nafasi yangu ataichukua Biasha!" alilia. Akajipaka wanja mwingi kwa kijiti ili kuficha wekundu, akaenda nao.

"Shoga, umependeza!" Biasha akasema. "Nipake na mimi."

Mwanapili akaona akikataa ataitwa mchoyo, akisema kweli atafukuzwa. Basi akampaka. Mara wasichana wote wakapanga foleni, na kijiti kikawa kile kile, jicho hadi jicho.

Mazoezi yakaisha siku hiyo, kila mmoja akakaa kwao kungoja maulidi. Siku ya maulidi ilipofika, macho ya Mwanapili yalikuwa meupe pe. Akasimama mbele ya wageni, akaimba kwa sauti tamu, akangoja wenzake nyuma ya pazia waitikie. Kimya. Akaimba tena.

"Mee!" akaitikia mbuzi wa jirani.

Wageni wakaangua kicheko. Mwanapili akafunua pazia, akakuta mkeka mtupu. Wenzake wote walikuwa majumbani, macho yamevimba. Akaangua kilio kwa aibu.

Bwana Nzai, dresa afungaye vidonda hospitalini, alikuwa miongoni mwa wageni. Alimwita kando, naye akaeleza yote.

"Lakini mbona mimi nimepona?" akauliza. "Ni wanja?"

"Wanja wapi! Umeponywa na mwili wako. Vijidudu vya ugonjwa huu ni vidogo mno. Vikiingia jichoni, mwili hutuma askari wake walio katika damu. Ule wekundu na yale machozi ndiyo vita vyenyewe. Askari wako wameshinda. Wa wenzako ndio kwanza wanapigana, na adui umewapelekea wewe kwa kijiti."

Jioni Mwanapili akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi na kusimulia yaliyotokea.

"Nimekusamehe," Biasha akasema, macho ameyafumba. "Ila niambie kweli, yule mbuzi amenishinda sauti?"

Maalim Iddi akaamua kaswida irudiwe wakipona. "Mwanapili, ungalisema mapema ungalikaa nyumbani siku chache tu, na leo mngaliimba pamoja," akasema. "Mtu akiugua aseme, asiwafiche wenzake. Kila mmoja awe na kijiti chake. Na yule mbuzi afungwe mbali."