Mdomo Uliokufa Ganzi

Pini zilikuwa tano, na fundi alikuwa amezibana midomoni kama alivyozoea kila anapompima mteja gauni. Ghafla zikaanza kutikisika. Mteja akageuka.

"Umesema nini?"

Fundi alitikisa kichwa. Angesemaje? Hii ilikuwa wiki ya saba tangu madaktari walikate taya lake la chini, walirudishe nyuma na kulikaza kwa skrubu, na mipira midogo ilikuwa bado imeyafunga meno yake ya juu na ya chini. Mdomo wa chini ulikuwa umekufa ganzi hadi kidevuni. Uji ulimchuruzika asijue, mpaka mdogo wake aguse kidevu chake mwenyewe kumpa ishara, naye ajipanguse huku uso umemshuka. Mtu mzima, anatokwa mate kama kichanga.

"Nimekusikia vizuri," mteja alisema kwa sauti ya chini. "Umesema kiuno changu kimekuwa pipa."

Alivua gauni, akaenda zake. Kilichomuumiza fundi ni kwamba maneno yale alikuwa ameyawaza kweli.

Tangu siku hiyo chumba cha kushonea kilianza kunuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Mchana kweupe, cherehani ikinyamaza, alisikia mnong'ono chini ya pua yake. Alisogea kwenye kioo. Mdomo wa chini ulikuwa unacheza wenyewe, taratibu, na yeye hakuhisi chochote, wala ulimi wake haukusogea, na kadiri alivyoukandamiza kwa kiganja ndivyo mnong'ono ulivyopenya kati ya vidole, ukiwataja wateja wake mmoja mmoja, nani kanenepa, nani kajaza sponji kifuani, nani ana alama za mkanda mgongoni na hudai aliteleza bafuni.

Hakumwambia mtu. Maisha yake yote alichekwa kwa taya lile lililojitokeza, huku mdogo wake akisifiwa sura popote walipoongozana. Sasa kalinyoosha, halafu aende kusema limeingiwa na jini? Aibu ilimfunga kuliko ile mipira.

Ikafika siku ya kupima gauni la harusi la mdogo wake. Mama mkwe mtarajiwa naye alikuja kutazama. Fundi alikuwa amekwisha kulegeza kiuno mara mbili, na mdogo wake hakumweleza kwa nini. Futi ya kupimia ilimweleza. Akajaza pini mdomoni, kumi, kumi na mbili, akaomba zitoshe.

Haikuanguka hata moja.

"Mimba ya miezi minne," mdomo ulisema kwa upole. "Na mwanao ana miezi sita sasa yuko safarini."

Mama mkwe alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Harusi ikafa siku hiyo hiyo.

Shangazi yao, aliyeinusa ile harufu, ndiye aliyemleta mtabibu wa majini. Mtabibu alisoma, akafukiza, akamnyunyizia fundi maji usoni mpaka ile harufu ikaisha na mdomo ukatulia.

"Limeondoka," alisema. "Sasa nenda kamwombe mwenzako radhi."

Mdogo wake alikuwa amejilaza, macho yamemvimba. Fundi, ambaye mipira ya meno ilikuwa imekwisha kutolewa, alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mdogo wangu. Si mimi niliyesema. Ni jini."

"Najua, dada. Shangazi kanieleza." Mdogo wake aliushika mkono wake. "Sina kinyongo na wewe."

Fundi alilia kwa nafuu aliyoipata. Ndipo harufu ya kiberiti ikajaa chumbani, na mdomo wake ukafunguka.

"Alifurahi," ulisema. "Mama mkwe alipotoka, huyu dada yako moyoni alifurahi."

Mdogo wake aliuachia mkono wake.

"Dada, ni kweli?" alinong'ona.

Jini likanyamaza, likamwachia fundi ajibu mwenyewe.