Mti Hufuata Kamba Zote Mbili

Wiki nzima maneno ya sokoni hayakunitoka kichwani. Eti kule kwa kina Njuki mti ulivutwa kwa kamba mbili, ukageuka wenyewe, ukaangukia jiko. Na sisi Jumamosi tulikuwa tunakata mti wetu wa mukima, ule mrefu ulio karibu na nyumba.

Ndwiga, mume wangu, alifunga kamba mbili juu ya mti. Wanaume wanne walishika moja, upande wa shamba la mahindi yaliyovunwa. Watatu walishika nyingine, upande wa barabara. Kamba ziliachana kama kona ya nyumba. Katikati yake palikuwa na jiko letu, na ndani mama mkwe alikuwa anachemsha githeri ya mahindi na maharagwe.

"Cucu, toka kidogo," nikamwambia mama mkwe.

"Niache githeri iungue? Unaogopa mti wewe, si mimi!"

Ndwiga akacheka, akanigeukia. "Mama Makandi, wanne ni wengi kuliko watatu. Mti utaenda kwa wanne."

Jirani yetu Gatwiri, anayefanya kazi na wapima mashamba huko Embu, alikuwa ametuletea msumeno. "Ngojeni," akasema. Akaniambia nitembee kutoka shinani hatua nne kuelekea mahindi, kisha nigeuke hatua tatu kuelekea barabara.

"Sasa chora mstari kutoka shinani mpaka hapo uliposimama."

Nikachora kwa fimbo. Mstari ulielekea jikoni.

"Huko ndiko mti utakakoenda," akasema.

"Lakini tuko watu saba!" akasema Ndwiga.

"Pima mstari." Ndwiga akapima: hatua tano. Gatwiri akasema, "Nne mara nne, kumi na sita. Tatu mara tatu, tisa. Jumla ishirini na tano, nayo ni tano mara tano. Mnavuta kama watu watano tu, na mnauvutia kwa mama yako."

Ndwiga hakucheka tena. Alimtoa mama yake, sufuria na yote. Kamba zote mbili zikaelekezwa kwenye mahindi, watu saba njia moja. Msumeno ukakata shina, mti ukalala kwenye mabua. Nilimkumbatia Gatwiri. Mungu ambariki.

Wewe unayesoma, epuka haya:

- Usiseme mti utafuata kamba yenye watu wengi.
- Usijumlishe watu wa kamba zinazoachana.
- Usikate kabla ya kuchora mstari chini.
- Usivute kwa kamba fupi kuliko mti, usije ukakuangukia.
- Usimwache mtu ndani ya nyumba iliyo karibu, hata akikataa kutoka.