Saa Mbili Kutoka Dar

Kisanduku cha dawa kilishushwa kwenye ndege pale uwanja wa Ibadakuli, mchana kweupe, na kabla jasho la wapagazi halijakauka kilikuwa kimeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi.

Inspekta Makoye alianzia hospitalini. Alimkuta Apolonia, mkulima wa Bukombe, amempakata mwanawe Kamili, shavu limefungwa bendeji. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata.

"Shikamoo, baba. Daktari anasema sindano zianze leo. Ugonjwa ukishapanda kichwani, basi tena."

"Marahaba, mama Kamili. Nitazileta."

Akaijutia ahadi hiyo kabla hajafika mlangoni.

Karani wa mizigo uwanjani hakuwa na mengi. "Mwanamke mmoja aliingoja ndege tangu asubuhi, ana hati ya hospitali. Ningemnyimaje mtu mwenye hati?"

Hati hiyo alikuwa amekabidhiwa Gelasius, dereva wa hospitali. Makoye alimkuta chini ya Land Rover, miguu tu inaonekana.

"Toka huko. Gari halitakutetea."

Gelasius akatoka, anajifuta mikono. "Hati ilinidondoka uwanjani, afande. Watu walikuwa wengi. Mtu kaiokota."

"Ndege uliiona ikitua?"

"Kwa macho yangu haya."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Si ndivyo Dar walivyosema jana kwenye simu ya upepo? Ndege, saa mbili."

Makoye akaokota spana, akaigeuzageuza.

"Saa mbili asubuhi ndege hiyo ilikuwa Dar, haijapaa. Hapa imetua saa sita. Saa mbili walizosema ni za kukaa angani."

Gelasius akacheka kama mtu aliyekabwa. "Usinitanie, afande. Dar! Barabara ile naijua mimi. Siku tatu, na mvua ikinyesha, tano. Kwa saa mbili hata Tabora hufiki!"

"Wewe unazunguka na matope. Ndege inakata moja kwa moja, kilometa mia saba na kitu. Sasa niambie: nani alikaa uwanjani tangu asubuhi akiingoja?"

Gelasius akakalia tairi. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Paskazia. Mke wangu. Amepanda lori kwenda Nkome."

"Kuna nini Nkome?"

"Mtoto wetu, Esta, yuko kwa bibi yake. Naye kang'atwa. Nikasikia kisanduku ni kimoja. Nikapiga hesabu: kingine kije lini? Nilidhani ndege nayo hulala njiani, kama sisi. Kitakapofika, mwanangu keshaanza kuogopa maji, na hapo hakuna dawa tena."

"Na Kamili?"

"Nilimpita wodini nimeinamisha kichwa."

Makoye akamfunga pingu, akakimbilia simu. Bahati haina adabu: lori lilikuwa limepasuka tairi Tinde. Polisi walimkuta Paskazia kando ya barabara, kisanduku amekifunika khanga mbichi kisipate joto, wakamrudisha hospitalini nacho.

Jioni ile Kamili alichomwa sindano ya kwanza. Alipiga yowe la mtoto mzima wa afya. Daktari akahesabu vichupa: vinatosha kuwaanzishia watoto wawili.

"Basi kamleteni huyo wa Nkome," Apolonia akasema. "Baba yake nitamtukana baadaye."

Paskazia akaondoka na konstebo kwa Land Rover ileile. Makoye akaagiza kisanduku cha pili, kisha akapita mahabusu.

"Esta anafuatwa. Dawa nyingine inakuja kesho kutwa. Ndege ikishapaa, saa mbili."

Gelasius akashika nondo. "Za asubuhi, afande, au za angani?"

"Za angani."

Akafumba macho, midomo ikimcheza, kama anayejifunza kuhesabu upya.