Mpira Uliovutwa Pande Mbili

"Mwari amemeza ndoano," Chifu Haines alisema simuni kwa mafumbo yao ya kazi. "Ruhusa ya kumkamata unayo."

Thea Kostoglou alikata simu, akakanyaga mafuta.

Mbele yake pikipiki nyeusi ya Kawasaki ilipenya katikati ya malori ya Port Adelaide. Saa nne asubuhi, jua kali. Aliyeiendesha ni Corbin Stahl, jasusi wa kukodiwa, na dakika tatu zilizopita alikuwa ndani ya karakana ya nyambizi.

Daraja la mto likaanza kuinuka. Stahl akasita.

Kosa.

Hilux ya Thea ikamgonga tairi la nyuma. Pikipiki ikaenda kivyake, Stahl kivyake. Alipopeleka mkono kwenye koti, mdomo wa bastola ya Thea, Glock, ulikwisha kumgusa sikio.

"Mikono juu."

"Taratibu, dada. Bega limevunjika."

"Unalo la pili. Inua hilo."

Mfukoni mwake mlikuwa na fleshi moja tu. Stahl akacheka, damu ikimchuruzika puani.

"Ichukue. Umechelewa. Mimi sikwenda kuiba. Nilikwenda kuweka."

Thea alimfunga pingu kwenye chuma cha daraja, akafungua laptopu juu ya boneti, akachomeka fleshi. Kabla ya ujasusi alisoma hisabati miaka minne, kwa hiyo alichokiona hakikumpiga chenga. Ilikuwa modeli ya mpira: hesabu zinazoeleza gasketi, mpira wa kuziba mlango wa nyambizi, itavimba kiasi gani bahari ikiikandamiza. Nakala zilikuwa mbili, ya zamani na mpya. Katika mpya, namba moja ilikuwa imebadilishwa.

Mabadiliko yaliidhinishwa kwa nywila ya Profesa Imelda Prideaux.

Mwalimu wake. Mwanamke aliyesimama kando yake siku ya kumzika Nikos, mume wa Thea.

Thea alingoja uchungu. Haukuja. Miaka miwili sasa alikuwa akijipapasa moyo kama mtu anayepapasa shavu lililochomwa ganzi. Lipo, lakini si lake.

Akapiga simu.

"Chifu, izuieni nyambizi."

"Inazama saa sita kamili. Watu thelathini na wanne ndani. Kwa nini?"

"Hesabu za gasketi ni za uongo. Ikifika chini, mpira utafura utoke mahali pake, maji yaingie."

"Kepteni Rourke hataki maneno. Anayo barua ya Prideaux inayosema mpira ni salama."

"Basi niunganishe naye kwa video. Nikiwa mbele ya Prideaux."

Maabara ilinuka salfa na kahawa. Profesa Prideaux, mvi zimefungwa kwa penseli, hakushtuka kumwona.

"Thea, mwanangu. Umekonda."

"Modeli imebadilishwa, Profesa."

"Imerekebishwa. Njoo uone mwenyewe."

Akaubana ukanda wa mpira kwenye mashine, akauvuta. Ukanda ukarefuka mara mbili, mara tatu. Kwenye skrini mstari wa kipimo ukalala juu ya mstari wa modeli, sawasawa kama nyayo za mtu mmoja.

Kwenye simu ya Thea, Kepteni Rourke akakohoa.

"Dada, mimi naona sawa tupu. Nina ratiba hapa."

"Saa ngapi kwako, Kepteni?"

"Sita kasorobo."

"Nipe dakika tano."

Thea alikata kipande cha duara kutoka kwenye mpira uleule, akakifunga kwa bolti juu ya mdomo wa bomba, akaunganisha pampu.

Profesa akaweka kikombe chini.

"Ukanda unavutwa upande mmoja, Kepteni," Thea alisema. "Gasketi yako inavutwa pande zote. Mtu mjanja anaweza kuchagua namba iseme kweli huku na uongo kule. Kwa hesabu za leo, geji ikifika mbili, mpira huu utavimba kama nusu chungwa. Tazama."

Akapampu.

Moja. Nusu chungwa.

Moja na nusu. Tikiti.

Haikufika mbili. Mpira ukapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka hadi darini.

"Nimeona," Rourke alisema. "Fungueni milango. Wote nje. Hatuzami."

Simu ikakatika. Profesa Prideaux alikalia kiti kama gunia lililowekwa chini.

"Watu wa Stahl waliniambia nyambizi itazamishwa tupu. Jaribio la kuwaaibisha wakubwa, basi. Miaka ishirini naandika ripoti, hakuna anayezisoma."

"Ukaamini?"

"Nilitaka kuamini."

"Na leo asubuhi, ulipojua kuna watu ndani?"

Profesa alitazama mikono yake.

"Huna hata hasira, Thea," alisema baadaye. "Nipigie hata kelele."

Thea alitafuta kelele hiyo. Hakuipata.

"Mikono, Profesa."

Alimfunga pingu kwa mbele, mahali mkono wa sweta ungemkinga ngozi. Kisha akamkabidhi kwa askari waliokuwa wakipanda ngazi.

Simu ikalia.

"Kazi safi," Haines alisema. "Stahl anataja majina kama anasoma sajili. Rourke anataka kukushukuru ana kwa ana. Wake za mabaharia wako getini, wanalia."

"Mwambie asante."

"Huji?"

"Sijala tangu jana."

Alivuka barabara hadi duka la mikate, akaagiza pai ya nyama.

"Na sosi, mpenzi?" muuzaji aliuliza.

"Ukipenda."

Akavaa miwani ya jua, akauma pai, akaelekea kwenye Hilux yake iliyopondeka mbele. Pai ilikuwa ya moto mno. Ulimi ukaungua, na Thea akaendelea kutafuna, akitembea bila haraka.