Tandiko la Sajini

Kila jioni baada ya shule, Nuha alivua sare, akala kilichobaki cha mchana, kisha akaketi kibarazani kando ya mama yake. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko la Machakos, na mama yake, Zaituni, alikuwa fundi wa nguo. Zamani alifanya kazi katika kiwanda kimoja huko EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo, Athi River, akishona mifuko ya suruali. Si suruali, mifuko tu, asubuhi hadi jioni. Mkataba ulipokwisha alirudi mjini, akanunua cherehani iliyokwisha kutumika, na wateja wakaanza kuja.

Nuha alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alijua kushona. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alijua kwamba anajua. Aliweza kukata kitambaa kwa mstari ulionyooka bila kuchora chaki. Kitu kimoja tu hakukipenda, nacho ni kupiga bandi. Bandi ni ule mshono mrefu wa mkono ambao fundi huutumia kushikiza kitambaa kwa muda. Mteja hujaribu nguo, panapohitaji marekebisho hurekebishwa, kisha uzi ule hufumuliwa na nguo ikashonwa sawasawa.

"Kwa nini nishone mara mbili?" Nuha alikuwa akiuliza. "Kama niko na vipimo, si nishone tu?"

Mama yake alikuwa akicheka na kuendelea kukanyaga cherehani.

Muhula wa tatu ulipoanza, jua lilikuwa kali na mabwawa yalikuwa yamekauka. Mutheu, aliyeketi dawati moja na Nuha, alianza kukosa shule. Kwanza alikosa Jumatatu, kisha wiki nzima. Ijumaa moja, siku ya soko, alitokea kibarazani pamoja na nyanya yake Kalunde, ambaye Mutheu na watoto wote wa kwao Kalama walimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya.

"Mama Nuha, punda wetu ameharibika mgongo," Kalunde alianza baada ya salamu. "Kamba za mitungi zimemchuna. Ako na kidonda kikubwa. Maji ni ya kuchimba mchangani mtoni, na mimi magoti hayanibebi tena. Sasa ni huyu mtoto anayebeba."

Mutheu alitazama chini. Juu ya paji la uso wake palikuwa na alama ya ukanda wa kubebea mzigo, ule ambao mama zetu huuvaa kichwani na mtungi ukakaa mgongoni. Nuha alihisi uchungu kumwona rafiki yake hivyo.

"Na mtihani wa kufunga mwaka?" Zaituni aliuliza.

"Kama punda hafanyi kazi, atakaa nyumbani mpaka mvua inyeshe," Kalunde alisema. "Atarudia darasa la saba. Nifanye nini? Watu watakunywa nini? Ndio nimekuja. Mnishonee kitu cha kumwekea mgongoni."

Zaituni alikuwa na lundo la sare za shule za kumaliza. Alimgeukia binti yake. "Nuha, kazi hii utaiweza? Mteja ni wako."

Nuha alikaribia kuruka kwa furaha. Akachukua utepe wa kupimia na kumwuliza Kalunde maswali kama fundi mkubwa. Kitu hicho kiwe kikubwa kiasi gani?

"Kikubwa kidogo," Kalunde alijibu.

Kikubwa au kidogo? Nuha alitaka kuuliza, lakini alielewa: kisiwe kidogo, kisizidi. Na kiwe cha namna gani?

"Kiwe laini. Laini kabisa, mtoto wangu."

"Na kingine?"

Kalunde alifikiri, akafungua mdomo, akaufunga. "Ni hayo tu," alisema.

Kazi ilimnogea Nuha. Alipata sponji ya godoro kuukuu, akaikata vizuri na kuipanga mara mbili ili iwe nene. Kwa juu alitaka turubai. Mama yake alikuwa na kipande kimoja kizuri cha turubai alichokihifadhi, na akampa. Nuha alikikata bila kusita. Akatia ukanda mwekundu pembeni na kutarizi jina la punda, Sajini. Punda huyo alipewa jina hilo kwa sababu aliwaamrisha watu kuliko watu walivyomwamrisha yeye.

"Umepiga bandi ukaenda kumjaribishia?" mama yake aliuliza.

"Mama, huyo ni punda, si bibi harusi."

Zaituni alimtazama, kisha akatazama turubai ambalo tayari lilikuwa limekatwa. Akarudi kwenye sare zake.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Nuha na mama yake walipanda hadi Kalama pamoja. Sajini alikuwa amefungwa kando ya ua wa minyaa, masikio yamelala. Kalunde alipoliona tandiko alipiga makofi. "Hiki ni kizuri hata mtu angekilalia!" Wakamtandika, wakafunga kamba, wakapachika mitungi miwili ya njano kila upande, na Mutheu akamwongoza kuelekea mtoni. Nuha alitembea nyuma akijisikia mtu muhimu sana.

Kwenda, mitungi ikiwa mitupu, hapakuwa na neno. Waliporudi imejaa, tandiko lilianza kuteleza. Turubai lilikuwa na utelezi juu ya manyoya, na mahali njia iliposhuka kidogo likahama mpaka shingoni. Mutheu alilirudisha, likahama tena. Sponji ile laini, chini ya uzito wa maji, ilikuwa imebonyea ikawa nyembamba kama chapati, na kamba ikawa inakandamiza palepale kwenye kidonda. Sajini alisimama. Akapiga magoti, akalala na mitungi yake, na maji yakamwagika mchangani.

Walipolivua tandiko, damu ilikuwa imeloa upande wa chini.

Mutheu hakulaumu mtu. Alijaza tena mtungi mmoja, akavaa ukanda kichwani, akainama na kuanza kupanda. Nuha angefurahi kama angemtukana. Ukimya ule ulimuuma, na kama watu wengi wanaoumia kwa kosa lao wenyewe, akatafuta wa kumlaumu.

"Susu, ulisema unataka laini!" alilia walipofika nyumbani. "Mbona hukuniambia lisiteleze? Mbona hukusema kuhusu uzito? Ungeniambia yote mapema!"

"Nuha!" mama yake alimkemea.

Lakini Kalunde hakukasirika. Alikuwa akimwosha Sajini kidonda kwa maji ya chumvi. "Mtoto wangu," alisema polepole, "ningekuambia vipi kitu ambacho hata mimi sikukijua? Kwamba linateleza, nimejua leo mlipolijaribu."

Nuha aliona haya, akaomba msamaha.

Njiani kurudi mjini alimwuliza mama yake, "Huko kiwandani mlifanyaje? Wanunuzi walikuwa ng'ambo hata hamkuwaona. Si waliandika kila kitu kwenye karatasi, nanyi mkashona?"

"Hivyo ndivyo unavyodhani?" Zaituni alicheka. "Karatasi zilikuwepo, ndiyo, na vipimo vya kila kifungo. Lakini palikuwa na chumba kimoja cha mafundi wachache waliotangulia kushona suruali moja tu. Hiyo ilipelekwa kwa mnunuzi. Akiiona anasema, 'Hapana, mfuko uwe juu zaidi.' Wanashona nyingine. 'Hapana, sasa umezidi.' Mpaka akubali, ndipo sisi wengine tukashona maelfu. Mnunuzi msomi, ana ofisi na picha za rangi, naye hakujua anataka nini mpaka aishike suruali mkononi. Sembuse Susu wa watu?"

"Kwa nini basi hukunizuia nisikate turubai?"

"Nilichelewa. Nilipouliza, ulikuwa umeshakata," mama yake alisema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi pia nilikuwa na haraka na sare zangu. Nilipaswa kukuambia kabla."

Turubai lilikuwa limekwisha na hapakuwa na jingine. Nuha alichukua magunia matupu ya mahindi, ambayo yakiharibika hakuna wa kulia. Kidonda cha Sajini kilihitaji muda wa kupona, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alibeba magunia, sindano kubwa na uzi wa katani, akaenda Kalama bila kitu chochote kilichokamilika mkononi. Hilo lilimtia aibu kidogo. Fundi gani anamwendea mteja na magunia matupu?

Walijaza gunia nyasi kavu na Nuha akalipiga bandi. Kwa kuwa Sajini hakuweza kuguswa mgongo, walikwama. Hapo Mutheu akapiga magoti na mikono chini uani.

"Niwekee mimi," alisema.

"Wewe si punda!"

"Nimekuwa punda tangu mwezi uliopita. Niwekee, halafu weka mtungi, usiujaze sana."

Kalunde alicheka mpaka akashika mbavu, lakini akasaidia. Mutheu alitembea kwa magoti hatua chache, akasimama. "Hapa," alisema, akionyesha uti wa mgongo. "Inaumia hapa kwenye mfupa. Hata ninapobeba kwa ukanda, ni hapahapa. Huku kando kuna nyama, huku ninavumilia."

Nuha aliangalia gunia lake. Yeye alikuwa akifikiria namna ya kuufunika mfupa kwa kitu laini. Sasa aliona kwamba mfupa haukutaka kuwekewa kitu chochote. Akafumua bandi, akagawa nyasi, akatengeneza mito miwili mirefu, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, na katikati akaacha nafasi kama mfereji.

Kalunde, ambaye wiki mbili zilizopita hakuwa na la kuongeza, sasa hakunyamaza. Alipoiona mito ile alisema isogezwe mbele kidogo, maana Sajini hubeba kwa mabega. Kisha akasema hapana, hapo itamzuia kutembea, irudi nyuma. Akakumbuka kwamba marehemu mumewe alikuwa akipitisha ukanda chini ya mkia ili mzigo usiteremkie shingoni. Kila mara Nuha alifumua na kupiga bandi upya. Vidole vilimuuma, lakini hakulalamika, kwa sababu kila alipofumua alijua jambo ambalo hakulijua kabla.

Kidonda kilipofunga, walimtandika Sajini tandiko lile la bandi na mitungi yenye maji nusu. Mto wa kushoto ulifumuka nyasi zikamwagika, nao wakazishindilia zaidi. Walijaribu tena mpaka wakaridhika, na hapo tu ndipo Nuha alipolishona kwa mshono wa kudumu. Hakutarizi jina.

Siku ya jaribio la mwisho Zaituni alikuja. Sajini alishuka mtoni, akapanda na mitungi minne imejaa, na alisimama mara moja tu, kwa kiburi chake mwenyewe, ili ale majani ya mtu. Walipomvua tandiko, wote waliinama kumtazama. Kando zote mbili manyoya yalikuwa yamelowa jasho ambapo mito ilikaa. Katikati, juu ya mfupa na kovu, palikuwa pakavu. Hakuna kilichopagusa.

Mutheu aliuweka mkono wake pale pakavu akaanza kulia. Nuha naye akalia.

"Sikieni, wanangu," Zaituni alisema. "Mteja anajua panapomuuma. Dawa yake huenda haijui, na si kosa lake. Mwingine, kama Sajini, hawezi hata kusema. Fundi akijifanya ameshaelewa yote kwa maneno mawili, atakata turubai zuri bure. Anza na gunia. Mpelekee, mtazame, msikilize, ufumue bila kuona haya. Nuha, hukushindwa ulipofumua. Ulishindwa siku ile ulipokataa kujaribu."

"Na mimi nimejifunza," Kalunde alisema. "Nikiulizwa nataka nini, nitasema, leta nione."

Jumatatu asubuhi, mtihani ukiwa bado haujafika, Mwalimu Bartholomew aliita majina ya darasa la saba. Alipofika kwenye jina la Mutheu alilisoma haraka kwa mazoea, bila kuinua macho, na tayari alikuwa ameanza kuita jina linalofuata.

"Niko, mwalimu!" sauti ilijibu kutoka dawati la Nuha.