Kelele Kwenye Waya wa Kokubanza

Kila jioni Deodatus alikaa kwenye banda lake la wageni, nyuma ya nyumba, hapo Bugene. Bandani kulikuwa na runinga kubwa na viti vya kunesa. Deodatus ni mfanyabiashara wa kahawa, mzaliwa wa Muleba. Mechi ikianza, hata mke wake Celestina hathubutu kumwita kula.

Zamani intaneti ya nyumba kubwa haikufika bandani. Kisha Deodatus akanunua visanduku viwili vyeupe mjini Mwanza. Kimoja alikichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Kingine alikichomeka kwenye soketi ya bandani. Intaneti ikapita ndani ya nyaya za umeme na kutokea upande wa pili. Kila mgeni alionyeshwa visanduku hivyo, utadhani Deodatus ndiye aliyevibuni. Mechi ikiisha, alivichomoa na kuvifungia kabatini.

Nyumba yake imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa. Ng'ambo ya kibanja ana nyumba ndogo ya kupangisha. Humo anaishi Kokubanza, nesi wa zahanati. Kokubanza alikuwa akisomea diploma ya uuguzi kwa njia ya mtandao. Bando la simu lilikuwa likiisha kabla ya somo, kwa hiyo aliingiza intaneti ya waya wa simu. Lakini kila jioni mwalimu aliganda kwenye kioo, halafu akapotea. Chuo kikamwonya. Akikosa somo moja zaidi, hatafanya mtihani mwaka huu.

Siku moja alikwenda kwa mwenye nyumba wake, Deodatus, ambaye majirani humwita baba Jovitus kwa jina la mwanawe.

"Shikamoo, baba Jovitus."

"Marahaba, nesi. Karibu."

"Waitu, tafadhali, nauliza tu. Intaneti yako inakatika jioni?"

"Inasitasita kidogo. Naendelea kutazama mpira wangu."

"Yangu inakufa kabisa. Asubuhi inakuwa nzima."

Deodatus akacheka. "Asubuhi nzima, jioni inakufa? Huo ni usingizi, nesi. Usiusingizie mtandao."

Kokubanza akamwita Adela, fundi wa kampuni ya simu. Adela alikuja asubuhi, akapima, akakuta waya hauna kasoro. Deodatus alipopata habari hizo alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi hiyo jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ilisali kwake. Ukafika wakati wa maombi. Mmoja aliombea wagonjwa. Mwingine aliombea mvua. Deodatus akafumba macho na kusema, "Tumwombee na jirani yetu Kokubanza. Mungu amjalie moyo wa kusoma, aache kusingizia mtandao."

"Ee Bwana, utusikie," watu wakaitikia, wengine wakibana vicheko. Kokubanza alikuwa ameketi palepale mkekani. Aliinamisha kichwa. Celestina alimtazama mume wake kwa jicho kali, lakini Deodatus alikuwa bado amefumba macho.

Mzaha ukichekwa mara moja, mfanyabiashara hutaka kuuuza tena. Deodatus aliurudia sokoni Kayanga. Aliurudia hata Kamuli, kwa wakulima waliomuuzia kahawa.

Kokubanza akampigia tena Adela. "Dada, safari hii njoo jioni. Leo nina somo. Likinipita hili, nimekwisha."

Adela alifika jua likikaribia kuzama. Akapima. Waya ulikuwa mzima. Mara sauti ya mpira ikasikika kutoka bandani, na kifaa chake kikaonyesha kelele nyingi kwenye waya. Adela akatoka nje, akatazama juu. Waya wa simu na waya wa umeme ulioleta umeme kutoka nyumba kubwa zilikuwa zimefungwa pamoja, nguzo hadi nguzo, kibanja chote.

"Nani alifunga hivi?" akauliza.

"Mafundi walitaka kusimamisha nguzo zao," Kokubanza akajibu. "Baba Jovitus alikataa. Alisema hakati mgomba kwa ajili ya simu ya mtu. Kijana wake wa shamba akaufunga waya wa simu kwenye waya wa umeme."

Adela akaenda bandani, akabisha hodi. Deodatus akamkaribisha na, kama kawaida yake, akamwonyesha kisanduku.

"Hebu kichomoe, mzee," Adela akasema.

Deodatus akakichomoa. Adela akampigia Kokubanza simu na kufungua spika.

"Mwalimu amerudi," sauti ya Kokubanza ikasema. "Namsikia vizuri."

Deodatus hakutaka kuamini. Akakichomeka tena kwa mkono wake mwenyewe. Wakangoja.

"Ameganda," Kokubanza akasema. "Dada, ameganda tena."

Deodatus akakichomoa haraka, kama kimemuunguza.

"Waya wa umeme haukutengenezwa kubeba intaneti," Adela akaeleza. "Ukiupitishia, mawimbi yanavuja nje. Waya wa simu ukiwa karibu, unayapokea. Kwake yanakuwa kelele tupu. Ni kama mtu ananong'onezwa huku wewe unapiga ngoma sikioni mwake. Waya wako wa simu unatokea barabarani, ni mfupi, unasumbuka kidogo. Wa kwake umelala juu ya umeme kibanja kizima."

"Kumbe kila mechi niliyotazama, yeye alikosa somo," Deodatus akasema polepole.

"Hukujua, mzee. Wengi hawajui."

"Visanduku sikuvijua. Maneno niliyosema niliyajua."

Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Alikumbuka sala yake. Alikuwa amemtumia Mungu kumcheka mtu, tena mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemkosesha masomo. Alitamani Adela aondoke upesi asimtazame.

"Nifanye nini?" akauliza huku akitazama sakafu.

"Visanduku usivitumie tena. Vuta waya wa mtandao kutoka sebuleni mpaka hapa, upite ndani ya bomba la plastiki, ufukiwe. Waya wake wa simu tutauhamisha ukae mbali na umeme. Lakini tunahitaji nguzo zetu kibanjani. Na waya wa umeme usiuguse wewe wala kijana wako. Mwite fundi umeme mwenye leseni."

Kesho yake Deodatus alishika panga na kukata migomba mwenyewe mahali pa nguzo. Celestina aliokota ndizi changa moja moja na kuzipanga mbele ya mume wake. Kuziona hivyo kulimuuma kuliko kugombezwa.

Jumuiya iliposali tena, Deodatus alisimama kabla ya maombi. "Nilimsema vibaya Kokubanza mbele yenu, tena katika sala. Mtandao wake niliuharibu mimi. Nisamehe, nesi."

Kokubanza akamtazama.

"Nimekusikia, baba Jovitus, na nimekusamehe. Lakini sokoni wananiita nesi wa usingizi. Hata wagonjwa kutoka Kamuli wananiita hivyo. Hao hawapo hapa."

Deodatus akaketi.

Kokubanza hakukosa somo tena. Alifanya mtihani, na matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu. Deodatus naye anatazama mpira bandani kwa waya uliofukiwa, na picha haisitasiti tena.

Alikwenda sokoni Kayanga, akawaambia ukweli wale waliocheka naye. Safari ya Kamuli aliiahirisha mara nyingi, kwa sababu huko wanamwita bosi. Mwishowe alikwenda. Alimkuta mzee Anastazi akianika kahawa, na wakulima wenzake wamekaa karibu.

"Bosi," Anastazi akasema akitabasamu, "yule nesi wako bado analala?"

"Hakuwahi kulala," Deodatus akajibu. "Alifaulu. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akimharibia mtandao kila jioni, halafu akapita akimtangaza mvivu."

Wakulima wakaguna. Anastazi akatikisa kichwa.

"Mtu gani huyo asiye na haya?"

Deodatus alivua kofia yake.

"Ni mimi," akasema.