Mke wa Kukodi Passau

"Tabasamu," Thalhammer alimwambia. "Sisi ni mke na mume. Tuko matembezini."

Roswitha Anzinger akatabasamu.

Hakuwa na la kufanya. Asubuhi ile, wakati wa kifungua kinywa hotelini, mwanamume huyu mwenye kofia ya kitani aliketi mbele yake bila kukaribishwa, akapaka mkate siagi, kisha akamwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa ya Emmeram, mwenzake Roswitha kazini. Amefungwa kitini. Damu puani.

Roswitha, jasusi aliyeogopwa na wauza silaha wa nchi tatu, akaisalimisha bastola yake ya Walther chini ya meza. Kiredio chake cha sikioni kikatupwa mtoni.

Masharti yalikuwa mepesi. Thalhammer angewapigia watu wake simu kila baada ya muda. Asipopiga, Emmeram anakufa. Kesho yake yeye na Roswitha wangejiunga na kundi la waendesha baiskeli, wafuate mto Danube hadi Vienna. Ndani ya mabomba ya baiskeli zao mngekuwa na vifaa vya kuongozea makombora, vilivyoibwa kiwandani. Nani angewapekua mke na mume waliovaa kaptura, jasho likiwatiririka?

Baiskeli zingekabidhiwa jioni. Wapi, alijua Thalhammer peke yake.

Basi wakautembea mji wa Passau.

Adhuhuri waliingia kanisa kuu kusikiliza kinanda. Askari polisi akaja kukaa benchi moja nao, bega lake likagusana na la Roswitha. Kinanda kikanguruma hadi mbao zikatetemeka. Neno moja tu lingetosha.

Akalimeza.

Mchana Thalhammer alikula nyama ya nguruwe na madonge ya viazi, akamaliza sahani yake, akavuta ya Roswitha.

"Kula, mke wangu. Kesho kuna vilima."

"Sina njaa."

"Ama kweli serikali inawalea vibaya."

Akapiga simu. Roswitha aliisikia sauti upande wa pili ikijibu kuwa kila kitu shwari, mkubwa. Hapo ndipo alipoweza kupumua tena.

Kwenye ncha ya mji, pale mito mitatu inapokutana, walikutana na Bi Kreszenz, mama mstaafu ambaye naye alikuwa kwenye kundi la kesho. Aling'ang'ania kuwapiga picha. Alisema wamependezana, akauliza wameoana lini.

"Leo asubuhi," Thalhammer akajibu.

Mama yule akacheka. Roswitha naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Bi Kreszenz akampa leso akidhani ni furaha.

Jioni wakafika kwenye duka la baiskeli ng'ambo ya mto Inn. Baiskeli mbili za kijani zilikuwa zinangoja. Thalhammer akashika usukani wa moja.

Mlango wa duka ukafunguka kwa kishindo nyuma yao.

"Lala chini!"

Mitutu minne. Mkono wa Thalhammer ulikuwa bado haujafika kiunoni alipoangushwa sakafuni.

"Mwacheni apige simu!" Roswitha alipiga kelele. "Watamuua Emmeram!"

"Niko hapa, Rosi."

Emmeram aliingia kutoka nje, pamba puani.

Mkuu wao, Bi Hallhuber, akaeleza bila kupandisha sauti. Walikuwa wamemwokoa Emmeram kabla kinanda hakijaanza kulia. Aliyekuwa akijibu zile simu alijibu akiwa na mtutu kisogoni. Lakini duka hawakulijua, na Thalhammer ndiye aliyekuwa njia pekee ya kulifikia.

"Hukuwa peke yako hata dakika moja," alimalizia.

"Mimi sikujua."

"Ungejua, uso wako ungetuharibia kazi."

Roswitha akamgeukia Emmeram. Emmeram akatazama sakafu.

"Mimi ndiye niliyesema usiambiwe," alisema. "Nakujua. Ungefanya hivyo hivyo kwangu."

Roswitha alijua ni kweli.

Akamwomba mwenye duka baiskeli nyingine, isiyo na kitu ndani. Akarekebisha tandiko. Bi Hallhuber akamkumbusha kwamba taarifa inatakiwa kesho.

"Muulize Emmeram," Roswitha alisema. "Yeye ananijua."

Akashika usukani kwa nguvu, akapanda, akashika njia ya mashariki. Hakugeuka.